Mabwawa ya Majitaka na Mlamula wa Baba Mdogo

Hata leo nikisikia mtu anayasifu mabwawa yale, damu hunichemka. Eti Mwingereza alituletea usafi! Alimletea nani? Vyoo vya kuvuta maji vilikuwa kwenye nyumba za Wazungu kule mlimani. Sisi wa huku chini, pembeni mwa Rwamishenye, tulikuwa na choo cha shimo, tena tulikichimba wenyewe. Kilichotufikia ni harufu.

Mabwawa ya kusafishia majitaka yalipangiwa rweya yetu, ule uwanda wa majani ulio nje ya migomba. Bwana wa kazi, Mzungu, alipokuja kupima alitazama huku na huku, akasema ardhi haina mtu. Haina mtu! Mama yangu alikuwa ameinama palepale, anapalilia njugu mawe.

Mama alikuwa mjane. Kibanja, shamba la nyumbani pamoja na migomba na kahawa yake, kilikuwa cha ukoo wa baba, na baba alipofariki kikaenda kwa mdogo wake. Tuliishi pale kwa hisani ya baba mdogo, naye hakutuacha tusahau. Kipande cha rweyani ndicho pekee ambacho mama alivuna bila kuulizwa na mtu. Njugu zile ndizo zilizonivisha na kunisomesha.

Sasa, baba mdogo ndiye aliyekuwa nyapara wa vibarua. Vigingi vya kupimia vilipomwishia, akaona uvivu kungoja vingine kutoka mjini. Akakata matawi ya mlamula uani kwetu, akayapigilia. Mhaya mzima! Mlamula ndio mti wetu wa mpaka. Tawi lake ukilichomeka linachipua, na likishachomekwa, mwingine akiling'oa au kulivuka ni mwizi wa ardhi, ukoo unamfukuza. Kipande cha mama kikaangukia ndani ya vigingi vile. Mabwawa yenyewe yakajengwa mbali kule bondeni, mvua ikanyesha, vigingi vikatoa majani. Mama akabaki amesimama na jembe nje ya shamba lake mwenyewe.

Akaenda kwa Bwana, nami nikamfuata. Karani akatafsiri. Bwana akacheka.

"Vile ni vijiti tu. Eneo lile hatulihitaji. Ving'oe, mama."

"Waitu, bwana wangu, naomba uje uving'oe kwa mkono wako, watu waone. Nikiving'oa mimi mjane, kesho nitakuwa barabarani na mwanangu."

Bwana akajibu kwamba hana muda wa vijiti. Loo! Mtu ana muda wa kuyajengea mavi nyumba ya saruji, lakini hana muda wa kutembea hatua chache kwa ajili ya mama yangu. Sijamsamehe, na sitamsamehe.

Misimu ikapita, majani yakafunika matuta. Halafu siku moja tukamkuta baba mdogo ndani ya vigingi, anapanda mikalatusi.

"Shemeji," mama akamwambia, "kumbe wewe mlamula haukuzuii?"

"Unizuie vipi? Mpaka huu niliuweka mimi mwenyewe." Akaendelea kuchimba mashimo, wala hakuinua uso.

Mama hakubishana. Alirudi nyumbani, nikadhani ameshindwa. Kumbe! Asubuhi, watu wakienda kanisani, alikata matawi mazuri ya mlamula, akayachomeka mbele ya mlango wa baba mdogo, kutoka ukuta hadi ukuta, akayashindilia kwa kisigino. Kisha akamwagilia maji.

Baba mdogo akatoka na kanzu yake ya Jumapili, akaganda kizingitini. Waumini walikuwa wamesimama njiani, wanatazama.

"Wewe mwanamke, umefanya nini?"

"Nimepanda," mama alisema. "Wewe ng'oa."

Hakung'oa. Alipitia mlango wa nyuma, katikati ya migomba yenye umande, kanzu ikalowa hadi magotini. Na mchana ule ule, mbele ya watu wale wale, alikwenda rweyani akang'oa vigingi vyake kimoja kimoja, na mikalatusi yake pia.