Besi ya Nshamba, Sauti ya Bumbire

Saa tatu asubuhi, Nshamba, wilayani Muleba. Dastan Byabato ameinama, sikio limegusa ubavu wa mashine ya kukoboa kahawa, macho ameyafumba kama daktari anayesikiliza kifua cha mzee. Mkononi ana kopo la bati. Anachota kahawa ya maganda kwenye gunia, anaimimina kidogo kidogo mdomoni mwa mashine, kisha anasubiri.

Mashine hii imezoea kumeza debe zima kwa mkupuo. Leo inalishwa kwa kopo, kama mgonjwa.

"Byabato," anaita mzee Kyaruzi, mkulima mwenye magunia ya mwisho kwenye foleni, "unaikoboa kahawa yangu au unaiombea?"

"Vumilia, waitu, mzee wangu. Mama Kemi hajapiga simu."

"Na asipopiga?"

Dastan anachota kopo jingine.

Mama Kemi ni Joanitha, mke wake, muuguzi wa zahanati katika kisiwa cha Bumbire. Kinachosubiriwa ni sauti yake. Kwa misimu kadhaa sasa, mume na mke hawa wanatengeneza albamu ya muziki wa roki, na nyimbo saba zimekwisha. Umebaki mmoja, alioutunga Joanitha mwaka huu, na unahitaji vitu vitatu vilie pamoja: gitaa la mume, sauti ya mke na injini ya hii mashine.

Tatizo ni injini. Jumatatu mafundi wanakuja kuing'oa. Mwenye kiwanda ameshavuta umeme, na mashine mpya imesimama uani ikiwa imefunikwa turubai. Dastan ameshaijaribu mara moja.

"Inalia kama mbu," anasema. "Huwezi kupiga roki na mbu."

Ukitaka kujua kwa nini wimbo utegemee mashine ya kahawa, rudi nyuma hadi miaka ya tisini, wakati malori ya misaada ya wakimbizi yalipokuwa yakikatiza Kagera usiku na mchana. Dastan alikuwa utingo. Dereva wake, mgeni mmoja mwenye ndevu za kufika kifuani, alikuwa na kanda moja tu ya muziki, roki tupu, na aliipiga kutoka Muleba hadi Ngara na kurudi, hata ikaanza kujiimbia yenyewe redio ikiwa imezimwa. Hivyo ndivyo Dastan anavyosimulia, na hakuna aliyekuwepo wa kumbishia.

Siku ya kuondoka, dereva alimwachia utingo wake gitaa la umeme. Lilikuwa na nyuzi tano. Ule wa sita, mnene kuliko yote, ulikuwa umekatika.

Dastan hakununua mwingine. Alipopata kazi ya kuendesha mashine ya kukoboa, alijifunza kupiga gitaa pembeni yake, kwa sababu huko ndiko alikoshinda. Akagundua kwamba injini ikishashiba kahawa, inatoa mngurumo mmoja mzito usioyumba. Akazikaza nyuzi zake tano zifuate mngurumo ule. Tangu hapo, kwake yeye, uzi wa sita ni injini.

Hakujua kwamba hilo ni kosa mpaka walipokwenda kurekodi Bukoba mjini. Studio ya Muhidini iko nyuma ya duka la vipuri, na wateja wake wakubwa ni vikundi vya kaswida na kwaya. Muhidini alimsikiliza Dastan wimbo mzima, akavua spika za masikioni, akauliza kwa adabu:

"Bwana Byabato, besi iko wapi?"

"Iko Nshamba."

"Si ungekuja nayo?"

"Haiji. Inakunywa dizeli, na imefungwa kwenye zege."

Muhidini alicheka mpaka akakaa chini. Lakini wiki iliyofuata alipanda gari na kompyuta yake, akatandika blanketi juu ya magunia ya kahawa, akasikiliza. Hakucheka tena. Nyimbo zote saba zimerekodiwa pale pale kiwandani, katika msimu wa kahawa, Joanitha akiwa likizo, amesimama kati ya mizani na magunia na vumbi la maganda kichwani.

Sauti ya Joanitha nayo ina sifa zake. Alilelewa katika kwaya ya Kilutheri, akiimba sauti ya pili. Nshamba wanasimulia kwamba sikukuu moja ya mavuno, mnada ukiwa unaendelea uwanjani, alipandisha sauti hadi kuku waliofungwa kwa ajili ya kunadiwa wakakata kamba na kurudi kwa wenyewe. Mchungaji alimshauri aimbe polepole. Aliyemwambia azidishe ni Dastan, na ndiye aliyemuoa.

"Wengine walinisifu uzuri," Joanitha anasema kwa simu kutoka kisiwani. "Huyu alinisifu kelele. Nikajua huyu hataniambia ninyamaze."

Miaka sita iliyopita alipangiwa Bumbire. Mume akabaki Nshamba na kibanja cha migomba, mashine, na binti yao Kemilembe, ambaye sasa yuko shule ya bweni. Wakati wa likizo mke hurudi. Anavuka maji, anapanda gari hadi Muleba, kisha Nshamba, na anapofika chungu cha ndizi na maharage kiko motoni, kimepikwa na mwanamume asiyejua chumvi inatosha wapi. Mume hajawahi kuvuka hata siku moja.

"Mashine haiachiki," ndiyo sababu anayowapa watu wote.

Watu wote wana sababu yao. Wanasema Dastan haogopi moto, haogopi mkanda wa injini uliowahi kumng'oa kucha, ila hapendi maji yanayosogea. Mzee Kyaruzi anaapa kwamba wakati wa masika amemwona akizunguka kupitia kibanja cha jirani kwa sababu barabarani kulikuwa na dimbwi.

"Lilikuwa kubwa," Dastan anajitetea.

Leo Joanitha alikuwa avuke. Aliomba ruhusa ya siku mbili, akapewa, na alfajiri alikuwa mwaloni, boti zinakopakia abiria, na mkoba wake, kanga mbili na soksi za kuvaa kwenye vumbi. Kabla boti haijaondoka, mtumbwi ukaingia kutoka upande wa pili wa kisiwa. Ndani amelala mama mwenye uchungu, mimba yake ya kwanza. Muuguzi mwenzake yuko likizo ya uzazi. Joanitha akashuka kwenye boti, akarudi zahanati na mkoba wake kichwani.

Alimwandikia mumewe ujumbe mfupi: "Nina mzazi. Usizime mashine. Nitapiga nikimaliza."

Ndiyo maana ya kopo. Mashine ikizunguka tupu, mngurumo unapanda, unakuwa mwembamba. Lazima iwe inatafuna kahawa. Msimu umekwisha, wakulima wamekwisha kukoboa, na kahawa iliyobaki Nshamba nzima ni hii ya mzee Kyaruzi.

Saa sita jua linachoma bati. Muhidini ameshapanga vinasa sauti vyake: kimoja kwa gitaa, kimoja kwa injini, kimoja kimeelekezwa kwenye simu ya Dastan iliyolazwa juu ya debe lililopinduliwa. Gunia la kwanza limekwisha, la pili liko nusu.

"Kwa mwendo huu," Kyaruzi anasema, "mjukuu wangu ndiye atakayekuja kuichukua hii kahawa."

"Nitakurudishia fadhila, mzee wangu."

"Kwa kitu gani? Kwa huo muziki wenu wa ugomvi?"

"Wa mapenzi, mzee."

"Mapenzi gani ya kupiga kelele namna hiyo?"

"Yuko mbali," Dastan anasema. "Lazima nipige kelele."

Kyaruzi anamtazama. Kisha anavuta gunia la mwisho kutoka kwenye baiskeli yake, analiburuta hadi miguuni pa Dastan, na kukaa juu ya jiwe. Anatoa kahawa za kutafuna mfukoni, anampa Muhidini mbili, naye anaweka moja mdomoni.

Saa nane na nusu simu inaita.

"Baba Kemi."

"Mama Kemi! Vipi?"

"Wa kike. Mzima, mama mzima. Mashine ipo?"

"Inakula gunia la mwisho. Uko wapi?"

"Nyuma ya tangi la maji, ndiko mtandao unakoshika. Anza, kabla hawajaniita."

Dastan anamkabidhi Kyaruzi kopo. Mzee analishika kama mtu aliyepewa mtoto mchanga. Gitaa linaanza. Mngurumo wa injini uko chini yake, mzito, sawasawa. Sauti ya Joanitha inatoka kwenye simu, kali, nzuri, na imechelewa.

Hilo hawakulifikiria. Muziki unamfikia Bumbire ukiwa umechelewa kidogo, naye akiimba, sauti yake nayo inachelewa kurudi. Dastan anapunguza mwendo ili amsubiri. Kule Joanitha anasikia gitaa limepungua mwendo, naye anapunguza. Wimbo unakuwa kama wageni wawili wenye adabu mlangoni: pita wewe, hapana, pita wewe. Unakaribia kusimama kabisa.

"Bwana, usimsubiri!" Muhidini anapiga kelele. "Mwache akufuate!"

Kutomsubiri ndiko kugumu. Miaka sita Dastan hajafanya kazi nyingine. Lakini kahawa inakwisha. Anauma meno, anakaza mwendo, anapiga bila kusikiliza simu. Sauti ya mke inakuja nyuma yake mstari kwa mstari, kama mtu anayeita kutoka ng'ambo na kusikika baada ya mdomo kufungwa.

Kyaruzi anakung'uta gunia. Punje za mwisho zinaingia. Mngurumo unapanda, unakuwa mwembamba, na Dastan anapiga pigo lake la mwisho, ananyoosha mkono, anafunga dizeli. Injini inakohoa, inanyamaza. Hakuna atakayeiwasha tena.

Ndipo mstari wa mwisho wa Joanitha unapofika, peke yake, bila gitaa wala besi, kutoka juu ya debe:

"Nimevuka, nimevuka, nimechoka kuvuka. Njoo wewe."

Kyaruzi anavua kofia.

Jumatatu injini iling'olewa. Ilipakiwa kwenye lori la vyuma chakavu, na Dastan alilisindikiza kwa miguu hadi mwisho wa soko, jambo ambalo kwa kawaida hufanyiwa watu. Mwenye kiwanda amemwomba abaki na mashine mpya. Kazi yake itakuwa kubonyeza swichi, na ujira wake hautapungua. Hajatoa jibu.

Wiki mbili baadaye yuko studio, Bukoba, amekaa nyuma ya Muhidini. Kwenye kompyuta, gitaa ni mstari wa kijani na sauti ya Joanitha ni mstari wa rangi ya chungwa, umeachwa nyuma kidogo.

"Hili ni jambo dogo," Muhidini anasema. Anaugusa mstari wa chungwa, anauvuta mbele hadi unakaa sawa juu ya wa kijani. "Sikiliza."

Dastan anasikiliza. Gitaa, injini na mke vinalia pamoja, kama vile amesimama pale kati ya mizani na magunia. Mwanamume aliyefunga dizeli bila kusita anafuta macho kwa mkono wa shati.

"Hivyo hivyo," anasema. "Uache hivyo hivyo. Ngoja nimsikilizishe."

Anapiga simu Bumbire, anaiweka karibu na spika. Wimbo unapigwa hadi mwisho.

"Mama Kemi? Umesikia tulivyokaa pamoja?"

"Nimesikia. Nirudisheni."

"Nini?"

"Nirudisheni nilipokuwa. Sikuwa hapo, Baba Kemi. Nilikuwa nyuma ya tangi la maji na damu ya mzazi kwenye kanga. Watu wasikie kwamba kuna maji katikati."

"Lakini ni vizuri hivi. Ni kama uko—"

"Usinisogeze kwa kompyuta. Mimi nikitaka kusogea napanda boti, na nimepanda miaka sita. Ule mstari wa mwisho umeusikia?"

"Nimeusikia."

"Umeuelewa?"

Muhidini anajifanya anatafuta waya chini ya meza.

"Nilidhani ni wimbo," Dastan anasema.

"Ni wimbo. Mashine iko wapi sasa?"

"Imeondoka."

"Basi."

Anakata. Dastan anamwambia Muhidini arudishe mstari wa chungwa nyuma, pale pale ulipokuwa. Muhidini anaurudisha. Albamu imekwisha. Wameiita "Maji Katikati". Nakala za kwanza zitakwenda kwa mzee Kyaruzi, ambaye hana cha kuipigia, na kwa yule mama wa Bumbire aliyejifungua siku ile, ambaye amempa mtoto jina Joanitha.

Swali la mwisho anaulizwa akiwa kituo cha magari, akisubiri gari la Muleba: atakubali kazi ya kubonyeza swichi?

Anatikisa kichwa. Ameambiwa kwamba Bumbire kuna injini za boti zinazoharibika kila siku, na mafundi ni wachache. Ijumaa anakwenda mwaloni. Ameshamwomba nahodha amkalishe katikati ya boti, mbali na kingo zote mbili, na asimsemeshe.

"Nitafumba macho tangu tukiwa nchi kavu," anasema. "Gitaa nitalikumbatia. Likizama, tuzame wote."

Halafu utani unamtoka usoni. Anatazama upande wa ziwa, ambalo kutoka pale kituoni halionekani.

"Unajua, kwenye simu sauti yake inafika akiwa amekwisha kunyamaza. Mimi nataka kitu kimoja tu. Nimwone mdomo unafunguka, na sauti itoke hapo hapo."