Mama Mkwe Aliponikalia Mguu

Mama mkwe wangu alinikalia mguu, nikapiga yowe, na wodi nzima ikashangilia.

Subirini niwaeleze. Msiniite mwongo mapema.

Mimi ni fundi rangi. Nilikuwa napaka ukuta wa ghorofa, jukwaa likacheza, nikaja chini kama gunia.

Nilipozinduka, kichwa kipo, mikono ipo, njaa ipo. Kuanzia kiunoni kwenda chini, kimya. Miguu naiona, lakini ni kama ya jirani.

Daktari hakunipaka mafuta kwa mgongo wa chupa.

"Neva za uti wa mgongo zimeumia, ila hazijakatika zote. Nikikuahidi utatembea, nitakuwa nakudanganya. Nikisema hutatembea, nitakudanganya pia. Tusubiri tuone nini kinarudi."

Tukasubiri. Wiki zikakatika, miguu wala habari.

Ndipo mama mkwe akaja. Mama huyu, nilipopeleka posa, aliuliza kama kupaka rangi ni kazi au ni mchezo wa watoto. Kimoyomoyo nilimwita Mkaguzi.

Akavuta pumzi, akajitupa kitandani kwa uzito wake wote. Chini ya blanketi kulikuwa na mguu wangu.

"Mama! Mguu!"

"Mguu umefanyaje?"

"Unauma!"

Mgonjwa wa kitanda cha pili, naye miguu yake imelala kama yangu, ndiye aliyeshtuka kwanza. "We! Umesema unauma?"

Mke wangu akapiga vigelegele. Wodi ikalipuka. Nesi akaja mbio akidhani kuna msiba. Mama mkwe anaomba radhi, na bado kakaa palepale.

"Mama, inuka basi!"

Daktari akanipima, akatabasamu. "Dalili nzuri. Si ushindi, ni dalili."

Nikaanza mazoezi. Dada wa mazoezi alikuwa na sauti ya kubembeleza mtoto na mikono ya kubeba zege.

"Tikisa kidole gumba."

"Natikisa."

"Unatikisa nyusi, kaka yangu. Shuka chini."

Siku kidole kilipotii kweli, nilikitazama kama mzazi anayemtazama mtoto mchanga.

Kisha mchana mmoja nimefumba macho, nikamsikia mama mkwe akimwambia mke wangu, "Mwanangu, funga virago. Pale hapafai tena. Chumba nimeshakitayarisha."

Mke wangu akajibu kwa kilio, "Sawa, mama."

Anamchukua binti yake! Na nani angemlaumu?

Tangu hapo nikagoma mazoezi.

"Nifanye niende wapi?" nilimwambia yule dada. Akaniambia neva hazina habari na hasira zangu, na miezi hii ya mwanzo ndiyo ya kuzikazania. Nikageukia ukutani.

Siku ya kuruhusiwa, mama na binti wakafika na gari. Nikajikaza.

"Mama, mchukue mwanao. Sina kinyongo."

Akaniangalia kama ukuta uliopakwa vibaya. "Nani kakwambia namchukua yeye?"

"Nilisikia. Chumba umeshakitayarisha."

"Chumba ni chako, wewe! Mnakaa ghorofa ya tatu, lifti hakuna. Utapanda kwa mabawa? Mimi nimehamia chumba kidogo. Nyie mnaingia changu, kina choo humohumo. Na mlango nimeshaupanua, kiti cha magurudumu kipite."

Nikamgeukia mke wangu.

"Alinikataza nisikwambie," akasema. "Anajua maringo yako, ungekataa."

Jamani, njiani garini nililia mpaka dereva akazima redio.

Leo mguu wa kulia unanisikiliza. Wa kushoto ni mbishi. Ndani natembea kwa magongo, safari ndefu naenda kwa kiti. Kazini napaka nusu ya chini ya ukuta, wenzangu wanapaka ya juu. Yule mwenzangu wa kitanda cha pili miguu yake haijarudi, lakini karudi dukani kwake kwa kiti, na kwa kelele za kuchekesha wateja ananishinda mbali.

Kwa hiyo ndugu yangu uliyelazwa huko, muulize daktari maswali mpaka akukimbie. Kinachorudi kipokee, kisichorudi kitafutie njia. Na ukisikia watu wako wananong'ona, usikimbilie kuhukumu. Uliza.

Mimi nilipoteza mazoezi ya maana nikiiomboleza ndoa, kumbe wenzangu wako nyumbani wananipanulia mlango.