Chuma Kipya kwenye Boti Kuukuu

Mwaka wa 1981, nikiwa na miaka kumi na minne, baba alifariki nami nikaacha shule darasa la sita. Usinihurumie, mwanangu. Nilitoka kwetu Kamukuywa kwa miguu hadi Kitale, nikaanza kwa kuwashikilia mafundi vyuma wakichomelea, macho yakiniwasha kama yametiwa pilipili. Kufika 1989 nilikuwa na mashine yangu na kibanda changu, na wakulima wa Endebess walikuwa wanapita mafundi kumi njiani ndio waniletee mimi plau zao. Nasema bila haya kwa sababu ni kweli. Lakini mgema akisifiwa tembo hulitia maji, na mimi nilisifiwa sana.

Asubuhi moja mwaka huo, ukungu ukiwa bado umelalia mahindi, akatokea mjomba wangu. Mama yangu alikuwa mtu wa ziwani, kule mto Nzoia unakomalizikia, na huyu alikuwa kaka yake. Alikuwa na jogoo kwapani na kamba yenye mafundo mfukoni.

"Mpwa wangu, nimenunua injini."

"Ya trekta?"

"Ya boti, wewe! Mikono imechoka kupiga kasia. Nimeuza ng'ombe zangu mbili, zote."

Boti yake ya kuvulia iliundwa zamani, wakati wa makasia, na nyuma haikuwa na mahali pa injini. Alitaka breketi, yaani kile chuma kinachofungwa nyuma ili injini ikae na panga lake, lile linalosukuma boti, lizame majini. Akanyoosha kamba. Fundo la kwanza lilikuwa upana wa nyuma ya boti, fundo la pili kimo chake.

"Si ukuje uione kwanza?" akaniuliza.

"Ya nini, mjomba? Kamba imesema yote."

Kwetu mjomba hakataliwi, wala humdai hata shilingi. Unapokea jogoo na unangoja neno lake la baraka, kwa maana neno la mjomba ndilo linaloufanya mkono wako ushike kazi au uiachilie. Nilikitengeneza chuma kile kwa siku mbili, kizito kama cha kuvutia plau, nikawaambia mafundi wenzangu wa jua kali, "Hii hata Mlima Elgon itavuta." Wakacheka, wakakubali. Hakuna kati yetu aliyewahi kupanda boti.

Nikapita nacho Bungoma, nikateremka hadi ziwani. Mwanangu, mimi ni mtu wa mlima. Nilikuwa nimezoea kila bonde liwe na ng'ambo yake. Pale niliona maji yamekwenda yakaungana na mbingu, na sikujua mshono uko wapi. Nilikumbuka kwamba kijito nilikokuwa nikichota maji ya kupoza chuma kule Kitale huingia Nzoia, na Nzoia huingia hapa. Basi maji haya yalikuwa yamenitangulia. Nilisimama kama mtu anayeota, chuma begani, hata sikusikia uzito.

Boti ilikuwa imepakwa rangi mpya ya buluu. Kando yake alikuwa ameketi Mzee Makokha, aliyeiunda kwa mikono yake kabla mimi sijazaliwa.

"Fundi wa mlima," akasema, "umeugonga huo ubao wa nyuma ukausikia?"

"Mzee, mimi nimefunga vyuma vya trekta."

"Trekta ni chuma kwa chuma, bana. Hapa ni chuma kwa mti."

Nikacheka. Nikatoboa matundu manne. Na hapa, mwanangu, ndipo lilipo kosa langu, usilitafute kwingine. Unga uliotoka kwenye ule ubao ulikuwa mweusi na wenye maji, kama ugoro uliolowa. Niliuona. Nikanyamaza, kwa sababu wanawake wa samaki walikuwa wamesimama wakinitazama na kusema, "Ati huyu ndiye fundi wa Kitale!"

Nilipokaza nati ya mwisho na injini ikakaa, Makokha akachukua kamba akaifunga injini shingoni, ncha nyingine kwenye ubao wa kukalia.

"Mzee, unaniwekea mkosi?"

"Nafunga ng'ombe," akajibu.

Tukaingia sisi watatu. Injini ikanguruma, maji yakafunguka nyuma yetu kama udongo nyuma ya plau, na mjomba akacheka kicheko cha mtoto. Mimi nilikuwa tayari najiona nikisimulia Kitale. Kisha akaongeza mwendo. Nikasikia sauti ndogo tu, kama hindi bichi linapovunjwa kwenye bua. Ubao ukapasuka, breketi yangu, bolti zote nne zikiwa zimeshika sawasawa, ikaenda majini na kipande cha boti na injini juu yake. Kamba ikakazika.

"Ng'ombe zangu!" mjomba akalia. Akavua koti, akalisokomeza kwenye tundu, akalikalia. Makokha akateka maji kwa sufuria, mimi nikavuta kamba hadi injini ikapanda botini na viganja vikachubuka. Tukarudi kwa kasia, na hakuna aliyenigombeza. Afadhali wangenigombeza.

Ufuoni Makokha akanipa kile kipande cha ubao. "Bonyeza." Kidole gumba kikazama kama kwenye parachichi lililoiva kupita kiasi.

"Chuma chako hakina kosa," akasema. "Lakini usione vyaelea, vimeundwa. Ubao huu niliuweka mimi, na umezeeka pamoja na mimi. Ungeniuliza, ningekuonyesha mahali panapouma."

Nikamgeukia mjomba, nikimwogopa. "Umenilaani?"

"Sijasema kitu. Maliza kazi, ndio nitasema."

Nikakaa wiki tatu. Fundi wa injini akaifungua, akaikausha. Mimi nikawa mkono wa Makokha: tukang'oa nyuma yote, tukaweka ubao wa mvule, ubao wa pili kwa ndani ili bolti zibane zote mbili, na magoti ya mti, vile vipande vilivyopinda vya kushikilia kona, kila upande. Chuma nikakikata nusu, uzito upungue. Siku ya kujaribu, mimi mwenyewe nilimpa Makokha kamba ya kufungia injini, kwa mikono miwili. Boti ilikwenda, ikarudi. Mjomba akachota maji ya ziwa, akaninyunyizia kifuani. "Mkono wako ushike."

Basi sikia, mwanangu. Ukipeleka kitu kipya kwa kitu cha zamani, iwe boti, iwe shamba la babako, iwe nyumba ulikoolewa, nenda mwenyewe ukakiguse. Fimbo ya mbali haiui nyoka. Muulize aliyekiunda. Na ukiona unga mweusi, simamisha kazi, hata kama watu wanakutazama. Hasa kama wanakutazama. Mungu akupe jicho la kuona na mdomo wa kusema ulichoona, na usikose mtu wa kukufungia kamba.

Leo nina ekari tano Kamukuywa. Ng'ombe wanne wa maziwa. Mashine tatu za kuchomelea na kibanda cha mawe Kitale. Nyumba ya matofali. Na juu ya mlango wa kibanda, kipande cha ubao wa buluu chenye matundu manne.