Utepe wa Karani Simwinga

Juzi niliona gazetini mkimbiaji akikata utepe, nikasikia tena harufu ya chokaa ya uwanja wa Tunduma. Siku ile tulishindana na Rodesia ya Kaskazini, na kaka yangu Yohana alikuwa amewaacha wote. Karibu na utepe akageukia majanini.

Karani Simwinga, aliyesimamia mashindano, akacheka, "Bingwa wenu kaenda malishoni!"

"Umeona nyoka, kaka?" niliuliza.

"Nyamaza, mdogo wangu."

Niliamini ni nyoka. Kumbe utepe aliushika mama mkwe wa Yohana, na kwetu mtu na mkwe wake hawakutani uso kwa uso. Simwinga ndiye aliyemweka pale, makusudi, ili mpwa wake aliyekuwa wa pili achukue kikombe. Mpwa alikichukua, lakini mimi nasema kaka yangu alishinda. Anayebisha na aje.