Majivu na Ndimu

Nimechoka na misumari. Huu ni mwaka wa tatu napita mashambani na mashine ya kutafuta madini, masikio yamezibwa na vile vikombe vya kusikilizia. Nangoja mlio, napiga magoti, nachimba, natoa msumari. Nikibahatika, kifuniko cha soda. Mashine hiyo aliniachia mgeni mmoja wa hoteli kule Diani, nilipokuwa mtu wa bustani, kabla hatujapunguzwa kazini. Watu wakiniona wananitania, wananiuliza kama napiga simu kuzimu. Wacha wacheke. Mimi nilikuwa natafuta macho ya mama yangu. Yameingia mtoto wa jicho, yote mawili, na daktari alishatuambia kwamba yanapasulika, ila upasuaji una gharama yake.

Rupia za fedha, zile za zamani zenye kichwa cha malkia, zina mnunuzi wake Ukunda, mtu wa bara aliyekuja kwa biashara ya vinyago akaishia kwenye sarafu. Yeye ndiye aliyenifundisha kuzipanga kwa daraja. Rupia iliyotobolewa ikavaliwa shingoni inanunuliwa kwa uzito wa fedha tu, basi. Iliyolika hata uso wa malkia umekuwa laini, vilevile. Kwanza unatazama nywele zilizo juu ya sikio. Ukiweza kuzihesabu moja moja, umepata. Na jambo moja alilirudia hata likanikera: usioshe, usisugue, hata kwa kidole. Ule weusi wa miaka ndio wanaoutaka wenye kuzikusanya, na ukiuondoa umeiua. Miaka mitatu nilimpelekea zilizotobolewa na zilizolika. Si kosa langu. Wazee wetu walizivaa, hawakuzifungia kabatini.

Mwezi uliopita nilikuwa Jego, kwa mjomba wangu, kwenye mikorosho ambapo zamani palikuwa na nyumba ya udongo. Mlio ulikuja mwembamba, haukukwaruza. Nilikaribia kuuacha, maana magoti yalikuwa yanawaka moto. Nikachimba kiasi cha shibiri moja, nikaitoa, nikapuliza mchanga. Ilikuwa nyeusi, nzima, haina tundu. Nikaigeuzia jua, nikaziona nywele za malkia, zote. Nilikaa pale chini nikalia, wala sioni haya kusema. Kisha nikaifunga kwenye kitambaa nikarudi nyumbani Msambweni.

Nilimpa mama aishike. Nikamwambia haya ndiyo macho yako, na mnunuzi atakuja mwenyewe Jumamosi asubuhi. Akaipapasa huku na huku, akasema mbona ina utando kama mimi. Tukacheka. Sikumwambia neno zaidi, na hapo ndipo nilipokosea. Nilikuwa nimefundishwa mambo ya sarafu miaka mitatu, nikaona kila mtu anayajua.

Jumamosi nilitoka kwenda kumnunulia mgeni mahamri. Niliporudi nilimkuta ameshaketi barazani, ameshamwamkia mama shikamoo kwa lafudhi yake ya bara, na mama anatoka ndani polepole, mkono mmoja ukutani, mwingine umebeba kisahani. Kwenye kisahani kulikuwa na rupia. Ilikuwa inameta kama kijiko kipya. Nilipokuwa dukani alikuwa amekaa jikoni akiisugua kwa majivu na ndimu, kama alivyofundishwa usichanani kusugua bangili za fedha kabla ya harusi. Kwetu kitu kichafu hakitolewi mbele ya mgeni, na mama hajawahi kumtolea mgeni kitu kichafu tangu nizaliwe.

Mnunuzi aliitazama kwa kioo chake, akaigeuza, akanitazama mimi. Namshukuru mpaka leo kwamba hakumvunja mama moyo. Alimaliza chai yake, akayasifu mahamri, akamuaga mama kwa heshima. Nilipomsindikiza hadi njiani ndipo aliponiambia kwa sauti ya chini, "Hii sasa ni ya mizani, ndugu yangu. Pole sana."

Nikamwambia aiache. Nilibaki nimesimama pale njiani nikisaga meno, nikitafuta mtu wa kumgombeza, nisimpate ila mimi mwenyewe. Miaka mitatu ya kupiga magoti, na kumbe kilichobaki kilikuwa maneno mawili tu, usiioshe mama, nami sikuyasema. Nilichoka hata kukasirika. Nikarudi ndani.

Mama alikuwa ameketi kwenye mkeka. Vidole vyake vilikuwa vinanuka ndimu, kucha zimejaa majivu, na ncha ya kidole gumba ilikuwa imechubuka.

"Ameipenda?"

"Ameipenda, mama."

"Maana nimeisugua kwa kupapasa tu, mwanangu. Sijui kama nimefika kote. Inang'aa yote?"

"Yote."

Akashusha pumzi, akatabasamu akielekea upande ambao sikuwapo, akauliza basi hospitali tutakwenda lini. Nikamwambia bado kidogo. Nikatoka nje kubadilisha betri za mashine.