Wajomba Walioniombea Siku Mbili

Nilikuwa bado mgeni kazini, kwenye ofisi ya maji, katika miezi ya majaribio, nilipotaka kumwomba bosi aniruhusu kufanyia kazi nyumbani siku mbili kwa wiki. Mama yangu alikuwa amevunjika nyonga, tukamleta Garissa kutoka Tarbaj akae kwangu. Hakuweza kuinuka bila kushikwa. Jirani alikuwa akimwangalia nikiwa kazini, ila kila Jumanne na Jumatano alikwenda sokoni na maziwa yake ya ngamia, mama akabaki peke yake na mimi ofisini sina raha. Nikinyimwa, ingebidi arudi Tarbaj kwa mke wa kaka yangu, na wale wawili hawapikiki chungu kimoja.

Kosa langu lilikuwa kumwambia mama mpango wangu. Kwetu jambo zito haliombwi na mwenye shida. Huombewa na wazee wake. Posa, malisho, ugomvi wa kisima, wazee hutangulia. Mama akapiga simu. Kesho yake, nikijikusanya kugonga mlango wa bosi, nikawaona wajomba zangu watatu wakiingia lango la ofisi, ndevu zimepakwa hina, bakora mikononi. Nilitamani ardhi ipasuke inimeze. Bosi wangu alikuwa mama wa kutoka Meru, na hakupenda mikutano mirefu.

Wakaketi. Wakamuuliza kama mvua imenyesha kwao, kama wazazi wake ni wazima, kama ng'ombe wanapata majani. Akawajibu moja moja, mimi kando nikiungua kwa hasira. Chai ilipoisha ndipo mjomba mkubwa akasema:

"Madam, hii msichana ni yetu. Mama yake amefunjika. Tunaomba siku mbili afanye kazi nyumbani, asiache mama beke yake."

"Na kazi isipofanyika, mzee?"

"Usiite yeye. Ita sisi. Ile siku umechukua yeye, umechukua sisi wote, wallahi."

Bosi akanitazama, akacheka. "Nimeajiri mmoja, nimepewa ukoo mzima," akasema. Akanipa siku zangu.

Nikadhani yamekwisha. Jumanne ya kwanza, sijafungua hata kompyuta, mjomba mkubwa akabisha hodi. Alikuwa ametoa neno lake, basi alikuja kuhakikisha nafanya kazi. Akaketi mlangoni, akawarudisha wageni wote: "Yeye iko ofisi." Nilipokwenda jikoni kuchemsha chai, akanikoholea. Nilikasirika, kisha nikacheka, nikarudi kwenye ripoti zangu za visima. Hakuna bosi aliyewahi kunisimamia hivyo.

Adhuhuri mama aliomba maji, akanywa gilasi mbili bila kupumua. Ndipo akaniambia kwamba siku zile jirani akiwa sokoni, alikuwa hanywi kitu tangu asubuhi, asije akahitaji choo na hakuna wa kumwinua.

Nikamjazia gilasi nyingine. Siku ile nilimwinua mara nyingi, na kila mara nilifurahi.