Mlango Ambao Baba Hakuuingia

Hasira hasara, waliniimbia wote: walimu, shangazi, hata mwenye duka wa pale sokoni Masimba ambaye hakuna aliyemuuliza. Hasara kwa nani? Mpaka leo nangoja jibu.

Miaka ya tisini, nikiwa kidato cha pili, mwalimu wa hesabu alinirudishia karatasi yangu na kuliambia darasa zima kwamba mtoto wa mwanamke anayepigia watu kelele soko la Daraja Mbili atajua nini zaidi ya ndizi. Wakacheka. Nikasimama. "Mamangu usimtaje tena!" Nikatoka, nikaubamiza mlango. Nikafukuzwa: nirudi na mzazi, nipige magoti niombe msamaha, la sivyo shule basi.

Baba alizipata habari akiwa njiani kurudi nyumbani. Akachomoa fimbo uani na kuja moja kwa moja kwenye saiga yangu, kile kibanda nilichojengewa nilipotoka jandoni. Sikutia hata komeo. Kwetu baba hakanyagi nyumba ya mwanawe aliyetahiriwa. Ni aibu isiyosemeka. Nilijua, naye alijua.

"Toka nje!"

"Sitoki."

"Wewe kijana, nimesema toka!"

"Sitoki, Baba. Ukitaka kunipiga, ingia."

Loo! Mtoto hamwambii babake hivyo. Fimbo ikagonga ukuta. Mvua ikaanza. Nilidhani ataondoka, lakini alibaki pale nje akilowa, na kwa kuwa mkono haungenifikia, ikambidi atumie mdomo.

"Huyo mwalimu alikufanyia nini?"

Hakuwa amewahi kuniuliza hivyo, hata siku moja. Nikamweleza yote kupitia mlangoni, nikilia kwa hasira, wala sioni haya kusema. Aliposikia lile la ndizi, aliguna tu. Akaenda zake.

Asubuhi tulikwenda pamoja. Ofisini mwalimu mkuu akanionyesha sakafu nipige magoti. Baba akanishika bega, akanizuia.

"Kwa kubamiza mlango, ataomba msamaha," akasema. "Kwa kukasirika, hapana. Hata mimi nimekasirika. Sasa niitie huyo aliyemtukana mke wangu."

Mwalimu mkuu akakohoa, akatazama dirishani. Niliomba msamaha wa mlango, nikiwa nimesimama wima. Akaniambia niende darasani.

Mwalimu wa hesabu alikuwa ubaoni. Niliingia, nikaufunga mlango polepole kabisa, nikimtazama usoni mpaka akainamisha macho yeye.